Ukihesabiwa haki na Mungu, asili yako inabadilika? Mi nasema hapana, ila ngoja nieleze

Pale dukani kwa Mangi mtaani kwetu kuna kaunta buku moja jalada lake limeshachanika kona zote, ndo daftari la madeni, na ukurasa mmoja wa katikati ni wa baba mmoja jirani yetu ambaye deni lake lilifika 47,300, sukari, mkate, vocha, sigara moja moja, mpaka Mangi akawa hampi tena hata kiberiti. Siku moja dada yake akaja kutoka Mwanza, akapita dukani kununua maji, akasikia habari za kaka yake, akalipa yote papo hapo. Mangi akachukua kalamu nyekundu akapiga mstari toka juu mpaka chini akaandika IMELIPWA. Mwenye deni alikuwa amekaa hapo hapo benchi la nje anacheza drafti, wala hakuinuka. Kalamu ilipopita kwenye karatasi hakuna kitu kilichotembea mwilini mwake, hakusikia joto, hakulia, ila kuanzia dakika ile hadaiwi. Na wiki mbili baadaye nilimkuta pale pale anaomba nusu kilo ya sukari, "Mangi niandikie".

Stori hii nimeikumbuka kwa sababu ya kitu nilichosikia kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba mwezi uliopita. Mtumishi mmoja alikuwa anafundisha kwamba siku ulipohesabiwa haki asili yako ya zamani ilifutwa kabisa, ndani yako sasa kuna DNA ya Mungu, na ukiona bado unatamani mabaya ujue sio wewe, ni roho chafu zinakudanganya. Watu amina nyingi. Alafu kijana mmoja aliyekaa nyuma karibu na mlango, dereva bodaboda, akanyoosha mkono akauliza taratibu, "Mtumishi, mi nimeokoka mwaka wa nne huu na hasira zangu ni zile zile, sasa nilihesabiwa haki kweli au nilijidanganya?" Akajibiwa akiri tu, aseme mimi ni haki ya Mungu, aseme mpaka iingie. Akakaa. Uso wake mi niliuona, haukuwa uso wa mtu aliyejibiwa.

Lile swali ni zito kuliko mahubiri yote ya siku ile, na Kanisa limeligombania miaka mingi sana. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: tangazo la Mungu kwamba wewe ni mwenye haki linabadili kesi yako, halibadili asili yako. Asili inabadilishwa, ndiyo, na huyo huyo Mungu, lakini kwa kazi nyingine ambayo inaanza siku ile ile na inachukua muda mrefu kuliko tunavyopenda, na ukizichanganya hizo kazi mbili unawaumiza watu kama yule kijana.

Tuanze na maneno maana ndo shida inapoanzia. Sisi tuliokulia kwenye Biblia ya Union Version tunasema "kuhesabiwa haki", Warumi 3:28, mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria. Ukifungua Biblia ya Habari Njema utakuta "kukubaliwa kuwa waadilifu". Ona hapo, watafsiri wote wawili hawakuandika "kubadilishwa", mmoja kachukua neno la daftari, mwingine kachukua neno la mapokezi. Hilo la daftari linafaa sana, kwa sababu Warumi sura ya 4 Paulo anatumia kitenzi cha Kigiriki logizomai mara 11, na logizomai ni neno la watu wa mahesabu, kuandika kitu kwenye upande wa mtu fulani. Yani Paulo anaongea lugha ya Mangi.

Neno lingine ni dikaioo, ndo hilo "hesabia haki" lenyewe. Nyuma yake kuna Kiebrania cha mahakamani, Kumbukumbu la Torati 25:1, watu wana mashindano, wanaenda kwa waamuzi, waamuzi wanampa haki mwenye haki na wanamhukumu mwovu. Sasa hakimu akimhukumu mwovu hajamfanya kuwa mwovu, alikuja hivyo hivyo na uovu wake, kilichobadilika ni kwamba limeshatamkwa. Upande wa pili ni hivyo hivyo. Na kama bado una wasiwasi nenda Luka 7:29, pale kwenye Kigiriki watoza ushuru waliobatizwa na Yohana "wanamhesabia haki" Mungu, kitenzi ni kile kile dikaioo. Kuna mtu atasema watoza ushuru walibadilisha asili ya Mungu? Walitangaza tu kwamba Mungu yuko sahihi, basi.

Sasa ilikuwaje watu wakaanza kusema kuhesabiwa haki ni kubadilishwa? Sehemu kubwa ni Kilatini. Kitenzi chao ni iustificare, na ukikipasua unapata iustum na facere, kufanya mwenye haki. Augustino, askofu wa Hippo, Mwafrika mwenzetu wa kule ambako leo ni Algeria, kwenye maandishi yake ya mwaka 412 kuhusu Roho na andiko alilielewa hivyo, kwamba kuhesabiwa haki ni kufanywa wenye haki, na kwa kuwa Ulaya ya Magharibi ilisoma Biblia kwa Kilatini na ikamsoma Augustino kuliko mtu mwingine yeyote, hiyo maana ikatulia miaka zaidi ya elfu moja. Simlaumu. Augustino alikuwa anapigana na watu waliosema mtu anaweza kujinyoosha mwenyewe, na kwenye ile vita alikuwa sahihi kabisa. Ila neno lilimpotosha kidogo.

Alafu akaja Martin Luther, mwanamatengenezo wa Ujerumani karne ya 16. Watu wanapenda kumsingizia kwamba alisema mwamini ni lundo la samadi lililofunikwa na theluji, ule mfano unazunguka sana lakini kwenye maandishi yake hakuna aliyeuonyesha ukiwa hivyo. Alichosema kweli, tangu mihadhara yake ya Warumi ya 1515 na 1516, ni kwamba mwamini ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Sio nusu kwa nusu. Kwa hesabu ya Kristo ni mwenye haki mzima mzima, na ukimpima yeye kama yeye bado ni mwenye dhambi. Na mfano wake anaoupenda, ule wa 1520, ni wa ndoa: bibi harusi fukara mwenye madeni anaolewa na tajiri, vya mume vinakuwa vya mke na madeni ya mke yanakuwa ya mume. Ukiifikiria vizuri hiyo ndoa, siku ya harusi mke amekuwa tajiri kweli, sio tajiri wa kuigiza, ila hajawa mtu mwingine.

Kanisa Katoliki likajibu kwenye Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, kikao cha sita, tarehe 13 Januari 1547, na jibu lao halikuwa la kitoto kama baadhi ya walokole wanavyodhani. Walisema kuhesabiwa haki sio kuondolewa dhambi tu, ni pia kutakaswa na kufanywa upya mtu wa ndani. Na sababu ya kututengeneza hivyo ni haki ya Mungu, sio ile ambayo yeye mwenyewe ni mwenye haki kwayo, ni ile ambayo kwayo anatufanya sisi kuwa wenye haki. Yani kwao neema inaingia ndani, inakaa, inageuza. Mkatoliki anayejua katekisimu yake atakuambia habari ya neema ya utakaso bila kusita.

Na hoja yao nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, ilikuja kusemwa vizuri na John Henry Newman, padri wa Kianglikana wa Uingereza, mwaka 1838 kabla hata hajawa Mkatoliki: neno la Mungu sio kama neno la karani. Mungu akisema iwe nuru, inakuwa nuru. Sasa huyo huyo akisema "wewe ni mwenye haki", neno lake litaanguka chini bila kufanya kitu? Mi hoja hii ilinisumbua sana, nilikaa nayo wiki kadhaa, kwa sababu ukijibu haraka haraka unajikuta unamfanya Mungu kuwa hakimu anayesoma karatasi huku anajua sio kweli. Na Mithali 17:15 inasema wazi kwamba kumpa haki asiye haki ni chukizo kwa BWANA. Kwa hiyo lazima kuwe na jibu.

Jibu la chukizo liko Warumi 3. Mungu hafumbi macho, deni limelipwa kweli, dada katoka Mwanza na hela mkononi. Mangi akiandika IMELIPWA wakati hakuna aliyelipa huo ni utapeli, akiandika baada ya kulipwa huo ni ukweli, hata kama aliyelipa sio mwenye deni. Paulo anasema Mungu alifanya vile ili awe mwenye haki na mwenye kumhesabia haki yeye amwaminiye Yesu.

Jibu la Newman mi nililipata kwa Abrahamu, na hapa naomba twende polepole.

Mwanzo 15:6, Abramu akamwamini BWANA, naye akamhesabia jambo hili kuwa haki. Huo ndo mstari ambao Paulo anajengea nyumba yake yote. Sasa rudi nyuma kidogo, Mwanzo 12, njaa imeingia, Abramu anashuka Misri, anaogopa watamuua wamchukue mke, anamwambia Sarai sema wewe ni dada yangu. Uoga na uongo. Sawa, hajahesabiwa haki bado kwenye mtiririko wa kitabu, tunaweza kumsamehe. Sura ya 15 anahesabiwa. Sura ya 16, mlango unaofuata tu, anaingia kwa Hajiri kwa ushauri wa mkewe kwa sababu ahadi inachelewa. Alafu sura ya 20, amefika Gerari, kuna mfalme anaitwa Abimeleki, na Abrahamu anafanya nini? Anasema Sara ni dada yangu. Uongo ule ule! Mke yule yule, sababu ile ile ya uoga, hata maneno karibu ni yale yale. Mfalme mpagani ndo anamsema yeye, kwa nini umetutenda hivi.

Ukiniambia tangazo la sura ya 15 lilifuta asili ya Abrahamu, nieleze sura ya 20. Huwezi kusema alipoteza haki yake katikati, maana pale pale Gerari Mungu anamwambia Abimeleki kwenye ndoto kwamba huyu mtu ni nabii, atakuombea. Mwongo wa mchana, na bado Mungu anamtetea usiku. Hesabu haijafutwa. Tabia nayo haijakaa sawa.

Ila nenda sura mbili mbele, Mwanzo 22, mtu yule yule anaamka asubuhi na mapema anatandika punda anampeleka Isaka mlimani. Uoga uko wapi? Yule aliyekuwa anamtoa mkewe ili yeye apone, sasa yuko tayari kumwachia Mungu kitu cha mwisho alichobaki nacho. Kuna kitu kilikuwa kinafanyika ndani yake muda wote ule, kimya kimya, kwa hiyo Newman hajakosea kwamba neno la Mungu huzaa. Linazaa. Lakini Isaka hakuzaliwa siku ahadi ilipotolewa, na hata Sara hakuwa anahesabu ahadi kwa kuangalia tumbo lake kila asubuhi, au tuseme alipoanza kuangalia tumbo ndo akaja na wazo la Hajiri.

Na hapa pia ndo Yakobo na Paulo wanapatana bila kulazimishwa. Paulo anashika sura ya 15, Yakobo kwenye sura yake ya 2 anashika sura ya 22 na anasema pale andiko la sura ya 15 "likatimizwa". Mmoja anaangalia karatasi iliyogongwa muhuri, mwingine anaangalia mtu baada ya miaka mingi. Ukichukua Yakobo ukamweka kwenye sura ya 15 unamvunja moyo Abrahamu kabla hajaanza, ukichukua Paulo ukamtumia kuficha sura ya 22 isitokee, hapo hujamwelewa Paulo kabisa.

Kuna jamaa mmoja kwenye historia ambaye watumishi wetu wengi wanamfuata bila kumjua, Andreas Osiander. Alikuwa mwanamatengenezo wa Nürnberg, Ujerumani (huyu ndo aliyeandika ule utangulizi usio na jina kwenye kitabu cha mwanaastronomia Copernicus cha 1543, akisema haya mambo ya dunia kuzunguka jua ni mahesabu tu msiogope, alikuwa mtu wa vituko). Akahamia Königsberg mwaka 1549, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha kwamba haki yetu sio ya kuhesabiwa, ni asili ya Uungu ya Kristo yenyewe inayokuja kukaa ndani yetu. Wale wanaofundisha kuhesabiwa tu aliwaita wana mafundisho baridi kuliko barafu. Na dhambi zilizobaki? Akasema ni tone la uchafu kwenye bahari safi. Inavutia eh? Ukiiweka kwenye spika na kinanda nyuma inaenda vizuri kabisa jumapili.

Walutheri waliokuwa wanagombana wao kwa wao kwa kila kitu, kwa Osiander wakaungana. Melanchthon, mwenzake Luther, akampinga, mwanatheolojia Flacius akampinga, na mwanamatengenezo Calvin kule Geneva kwenye toleo kubwa la 1559 la kitabu chake cha mafundisho ya imani akamtolea kurasa nyingi. Kwa nini kelele zote hizo? Kwa sababu waliona faraja ya mtu inahama. Ukiulizwa kwa nini Mungu anakukubali, zamani ungeonyesha kidole Golgotha, sasa unaonyesha kifua chako. Na kifua chako unakijua wewe, saa tano usiku peke yako unakijua vizuri. Yule kijana wa bodaboda alifanya kitu ambacho Osiander anakulazimisha ufanye, akachungulia ndani kutafuta bahari, akaona hasira.

Calvin hakuishia kupinga, alileta mfano ambao mpaka leo sijaona uliouzidi. Jua lina mwanga na lina joto, na huwezi kuvitenganisha, ukitoka nje asubuhi unapata vyote kwa pamoja. Lakini hakuna anayesema ardhi inapata joto kwa mwanga au inaangazwa kwa joto. Kila kimoja kina kazi yake. Kristo naye anakupa vitu viwili kwa mkono mmoja, kuhesabiwa haki na kutakaswa, huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine, na bado kimoja sio kingine. Mhubiri anayesema "nimehesabiwa haki kwa hiyo naweza kuishi ninavyotaka" anataka mwanga usio na joto, jua la hivyo halipo. Kuzaliwa mara ya pili ni kweli, kiumbe kipya ni kweli, 2 Wakorintho 5:17 siifuti. Ila hiyo ni kazi ya joto.

Na kwa kuwa tumefika 2 Wakorintho 5, mstari wa 21 ndo unaopigiwa kelele kuliko yote siku hizi, "ili sisi tupate kuwa haki ya Mungu katika Yeye". Watu wanausoma nusu ya mwisho. Nusu ya kwanza inasema Yeye asiyejua dhambi alifanywa kuwa dhambi kwa ajili yetu. Sasa pima kwa kipimo kimoja. Kristo alipofanywa dhambi, je asili yake ilibadilika akawa mwovu moyoni? Hasha. Alibeba kesi yetu. Basi na sisi tukifanywa haki ya Mungu ndani yake ni kwa namna hiyo hiyo, tunabeba kesi yake iliyoshinda. Kuna waalimu wawili wa Kimarekani, E. W. Kenyon na baada yake Kenneth Hagin, ambao mafundisho yao ndo baba wa haya ya "asili ya Mungu ndani yako" yaliyojaa kwetu, na wao waliuona huu uwiano vizuri, ila wakaenda nao upande mwingine, wakafundisha kwamba Yesu alikufa kiroho pia, sio mwili tu. Angalau walikuwa na msimamo mmoja. Wanaowakopi huku kwetu wanachukua nusu ya pili na kuiacha ya kwanza kwa sababu ya kwanza inatisha.

Sasa neno lenyewe "asili". Hapa Kiswahili kinatuchezea. Union Version kwenye Waefeso 2:3 inasema tulikuwa "kwa tabia yetu" watoto wa hasira, na 2 Petro 1:4 inasema tuwe "washirika wa tabia ya Uungu". Kigiriki ni physis, asili, lakini watafsiri walitumia "tabia", neno la Kiarabu ambalo kule kwao ni maumbile na kwetu leo ni mwenendo, vile mtu alivyozoea. Kwa hiyo msomaji mmoja anasoma "asili" anawaza damu na mifupa, mwingine anasoma "tabia" anawaza matusi na kuchelewa kazini, wanabishana saa zima na wanaongelea vitu viwili. Flacius yule yule niliyemtaja, mwaka 1560 kwenye mdahalo wa Weimar, alijikuta amesema dhambi ya asili ndo asili yenyewe ya mwanadamu aliyeanguka. Walutheri wenzake wakamkatalia, na mwaka 1577 kwenye Kanuni ya Makubaliano, tamko lao la imani, wakaandika kwamba asili na dhambi iliyoiharibu lazima zitofautishwe, maana kama dhambi ndo asili yetu basi Kristo alipotwaa asili yetu alitwaa dhambi. Ukiielewa hii utaacha kusema Mungu alikutoa asili moja akakuwekea nyingine kama kubadilisha laini ya simu. Wewe ni yule yule, mtu wa mama yako. Kilichoharibika ndo kinatengenezwa.

Waorthodoksi, Wakristo wa Mashariki, wanatuangalia tu. Kwao mada kubwa ni kufanywa washirika wa Uungu, Athanasio wa Aleksandria alishasema karne ya nne kwamba Mungu alifanyika mtu ili sisi tufanywe miungu, na hizi kesi za mahakamani za Walatini, yani sisi wa Magharibi, wanaziona ni makelele. Nawaheshimu. Lakini hata wao hawasemi ilitokea siku moja kwenye maombezi ya kuita watu mbele.

Na wale waliogombana karne ya 16 walishakaa meza moja. Tarehe 31 Oktoba 1999 pale Augsburg, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani (KKKT, Kanisa la Kilutheri la Tanzania, imo humo) na Kanisa Katoliki walisaini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, Wamethodisti wakajiunga 2006, makanisa ya Kireformed, yale ya njia ya Calvin, 2017. Wamekubaliana mengi kuliko tunavyohubiriwa. Ila unajua ni kipengele gani Roma walilalamikia zaidi mwaka mmoja kabla ya kusaini? Hicho hicho cha mwenye haki ambaye bado ni mwenye dhambi. Ikabidi waongeze kiambatisho. Kwa hiyo ukiona ibada ya nyumba kwa nyumba inashindwa kuelewana usishangae sana.

Mi nina picha moja inayonisaidia kuliko mahakama na hata kuliko daftari. Kiswahili kuchukua mtoto wa mtu kisheria akawa wako kinaitwa kuasili. Asili imo humo humo ndani ya neno! Shangazi yangu aliasili mtoto wa miaka sita. Siku hati ya mahakama ilipotoka mtoto akapata jina la ukoo, akawa mrithi sawa na wengine, hakuna mjomba ambaye angeweza kumtoa. Hiyo ilikuwa asubuhi. Jioni nilikuwepo, nikaona nguo zake ziko kwenye begi, yale mabegi ya drafti tunayoyaita shangazi kaja, zimekunjwa tayari kwa safari. Kabati tupu liko pembeni yake. Miezi ikapita nguo haziingii kabatini, akivaa akizifua anazirudisha kwenye begi. Shangazi hakuwahi kumwambia ukiendelea hivyo ujue sio mtoto wangu. Wala hakumwambia kariri kwamba wewe ni mtoto wangu mpaka iingie. Alimwachia tu kabati liko wazi. Sijui siku gani nguo zilihama, hata shangazi hajui. Nachojua ni kwamba leo ana miaka 17, akikasirika anakohoa kwanza kabla ya kuongea, na anayekohoa hivyo ni mume wa shangazi.

Damu haijabadilika. Ukipima leo utakuta ya watu wengine. Lakini hebu mwambie mtu wa ile nyumba kwamba hakuna kilichobadilika uone.

Walokole wa zamani, wale wa uamsho ulioanzia Gahini Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukashuka mpaka Bukoba na Kenya, walikuwa na kitu tumekipoteza. Walihubiri damu ya Yesu asubuhi mpaka jioni, uhakika wa wokovu walikuwa nao tele, alafu mtu huyo huyo anasimama kwenye ushirika anasema ndugu zangu jana nilimtukana mke wangu, naomba mniombee. Waliita kutembea katika nuru. Walikuwa na mapungufu yao, walikuwa wakali kwenye mavazi na nywele mpaka wakawachosha watoto wao. Ila mtu aliweza kukiri dhambi hadharani kwa sababu kesi yake haikuwa inategemea kikao kile. Huyu wa kwetu wa DNA ya Mungu atakiri vipi? Akikiri hasira amekiri kwamba hana hiyo DNA. Kwa hiyo anaficha, na kinachofichwa hakitibiwi.

Baada ya ile ibada nilimfuata yule kijana nje, alikuwa anafuta siti ya pikipiki. Nikamuuliza ana Biblia, akasema iko kwenye simu. Tukafungua Mwanzo 12, alafu 15, alafu 20, taa ya simu ikitumulika. Alisoma ya 20 mara mbili. Akasema, "Kaka, huyu mzee karudia kitu kile kile." Nikamwambia ndiyo. Akauliza, "Toka ahesabiwe haki mpaka hapa ni miaka mingapi?" Tukapiga hesabu, Ishmaeli alizaliwa Abrahamu akiwa na 86, na sura ya 15 iko kabla ya hapo, ya 17 ana 99, hii ya 20 iko baada yake, kwa hiyo sio chini ya 13. Akacheka kwa mara ya kwanza jioni ile, akavaa helmeti. "Mi nina minne. Basi bado nina tisa."

Nikamwambia mkeo ndo hana hiyo tisa, kamwombe msamaha leo. Akawasha pikipiki akaondoka, upande wa nyumbani kwake.